Fundo Chini ya Zulia

Mkunga alifika gereji akiwa nyuma ya usukani wa gari lake, lakini gari lenyewe lilikuja kwa kusukumwa. Nyuma yake walikuwa wanaume watatu wakihema, na pembeni mama mmoja mnene aliyeshika mlango kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine. Huyo mama kusema kweli hakusukuma kitu, alikuwa akitoa amri tu.

"Kazini kwangu mimi ndiye ninayewaambia watu 'sukuma, sukuma'," mkunga alisema akishuka. "Leo imekuwa zamu yangu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na mtoto amezaliwa salama?" aliuliza Mzee Uzi kutoka kwenye stuli yake, na waliosukuma wakacheka mpaka wakasahau uchovu.

Mzee Uzi alikuwa fundi wa umeme wa magari kwa miaka thelathini na sita, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu ya ubishi wake. Mafundi wengine wakiunga waya husokota, hufunga tepu, wakaita mteja mwingine. Yeye kabla ya tepu alikuwa anazungushia uzi wa fundi viatu uliopakwa nta, mizunguko saba kamili, kisha anafunga fundo dogo na kulificha chini ya mzunguko wa mwisho. Tepu huoza, alikuwa akisema, lakini uzi uliofungwa sawasawa hautoki mpaka uukate. Mji mzima hapakuwa na fundi mwingine mwenye subira hiyo, isipokuwa binti yake wa pekee, aliyekulia chini ya dashibodi za watu na ambaye sasa, akiwa na miaka thelathini na mmoja, ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa baba yake. Wateja walipenda kulitania neno hilo, kwa kuwa binti mwenyewe alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Shangazi yake alijaribu kumrekebisha tangu akiwa chekechea, mwishowe akanawa mikono.

Binti alimpa mkunga kiti na kumsikiliza. Gari alilinunua miezi mitatu iliyopita kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, ambaye naye huenda alilinunua kwa mtu. Asubuhi moja linawaka kwa ufunguo wa kwanza, asubuhi nyingine betri imekufa kabisa, hata saa ya dashibodi haionyeshi kitu. Betri mpya ameshaweka, na haikusaidia.

"Juzi nimeitwa alfajiri," mkunga alisema, na sasa hakuwa anatania. "Gari limekufa. Nimekimbia kwa miguu, nimefika mtoto ameshatoka, yuko mikononi mwa bibi yake, kitovu kimemzunguka shingoni. Rangi imeshaanza kumbadilika. Mungu alikuwepo tu. Lakini siwezi kumtegemea Mungu na gari hili kwa pamoja, dada yangu."

"Liache," binti alisema. "Tutaitafuta hitilafu mpaka tuipate."

Alisema "tutaitafuta" kwa mazoea, na pia kwa makusudi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mkono wa Mzee Uzi uanze kutetemeka. Ulianza na kikombe cha chai, kikagonga kisahani chake kama kinabisha hodi, baba na binti wakakitazama wote wawili. Wiki iliyofuata mzee alimkalisha binti kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja, milango imefungwa, akamwapisha.

"Fundi aliyenifundisha mimi alifanya kazi mpaka macho yakamwisha," alimwambia. "Watu walijua. Mkewe alijua, wanawe walijua, mimi nilijua. Hakuna aliyemwambia, kwa heshima. Wateja wakawa wanapungua mmoja mmoja, na yeye kila asubuhi anafungua duka anasema siku hizi biashara ngumu. Mimi sitaki heshima ya namna hiyo. Siku mkono wangu utakapomharibia mtu kazi, niambie wewe. Nisisikie kwa mteja. Nitaiweka taa yangu ya kupimia chini, nitakunywa chai yangu kwa amani. Apa."

Binti aliapa. Na tangu siku ile, kwa sababu moyo wa mtu una ujanja wake, alihakikisha siku yenyewe haifiki. Kazi za waya nyembamba alizichukua yeye kabla mzee hajainuka. Viungo ambavyo mzee alifunga mwenyewe alivikagua kwa siri, na mara mbili au tatu alivifungua na kuvifunga upya mzee akiwa msalani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu binti anayeficha maradhi ya baba yake.

Basi walianza na gari la mkunga. Binti alilegeza kichwa cha waya moja ya betri, akakitoa, na katikati ya betri na kile kichwa akaunganisha taa ya kupimia. Ilikuwa taa ndogo tu yenye nyaya mbili, ambayo mzee aliivaa shingoni kwa kamba tangu kabla binti hajazaliwa. Gari likiwa limezimwa kila kitu taa hiyo haipaswi kuwaka. Ikiwaka, kuna kitu ndani kinakunywa umeme wakati mwenyewe amelala.

Taa haikuwaka. Wakasubiri nusu saa, ikabaki giza. Wakaliacha gari mpaka kesho yake, likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Kesho kutwa vilevile. Siku ya tatu binti alikuwa amefungua nusu ya dashibodi, amepima oltaneta inayochaji betri, amepima swichi za milango, amechungulia kwenye buti, na gari linamtazama tu likiwa zima. Lilikuwa kama mtoto anayelia nyumbani usiku kucha halafu akifika kwa daktari anacheka.

Mkunga alipiga simu kwa mara ya nne siku hiyo. Binti alikuwa anaanza kutafuta maneno ya kujitetea pale mzee aliponyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu. Haloo, mama. Gari halina neno, hatulaumu gari. Nataka nikuulize wewe. Siku linapokataa kuwaka, jana yake unakuwa umefanya nini?"

Sauti ya mkunga ilisikika mpaka nje ya simu. Hakufanya chochote. Alitoka kazini, alirudi nyumbani, alilala. Labda kuosha gari, lakini hilo si kosa.

"Unaliosha kila siku?"

"Hapana, mzee. Nikiwa nimembeba mzazi. Unajua tena, mama mwenye uchungu hana adabu na zulia la mtu. Nikirudi namwaga maji na sabuni ndani yote, nasugua, naliacha likauke."

Mzee alirudisha simu bila kutabasamu, ingawa masikio yake yalishasogea kwa furaha.

"Lete ndoo ya maji," alimwambia binti.

Binti alimpenda sana baba yake saa ile. Mkono utetemeke unavyotaka, alijiambia, kichwa bado ni kilekile. Walimwaga maji kwenye zulia, upande wa dereva kwanza, kisha upande wa abiria. Wakanywa chai taratibu, maji yakipenya chini. Kabla vikombe havijaisha ile taa ikawaka, kwa unyonge, wekundu kidogo tu kama kaa la mkaa lililosahauliwa. Binti alipiga kelele kama mtu aliyefunga goli.

"Sasa nenda fyuzi moja moja," mzee alisema akiinuka. "Mimi nafuata mkate. Chai kavu inaniumiza roho."

Binti aliingia chini ya usukani na kuanza kuchomoa fyuzi, kila akichomoa anatazama taa. Ya kwanza, inawaka. Ya pili, inawaka. Alipoitoa ya tisa, taa ikazima. Akairudisha, ikawaka. Nyuma ya fyuzi hiyo aliona waya nyekundu ambayo kiwandani haikuwepo, mtu aliipachika baadaye. Akaifuata kwa vidole. Ilipita chini ya dashibodi, ikashuka upande wa abiria, ikaingia chini ya zulia. Akang'oa ukingo wa zulia na kulikunja, maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Pale chini, kwenye bati la gari, palikuwa na kiungo. Tepu ilishageuka uji mweusi, akaifuta kwa kidole gumba. Ndani yake palikuwa na uzi wa fundi viatu.

Ulikuwa umelegea. Upande mmoja waya ilishachomoka nusu, shaba imeota kutu ya kijani na kulalia bati, na zulia likilowa umeme ulikuwa unavuja hapo tone kwa tone mpaka betri inakauka. Binti alihesabu mizunguko ingawa hakuhitaji kuhesabu. Ilikuwa saba.

Alikaa chini, kwenye maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Gari lilishapakwa rangi, labda mara mbili, hakulikumbuka kabisa, lakini kazi ile ilitoka kwenye gereji hii na si kwingine. Akauona mkono wa baba yake ukizungusha uzi, ukitetemeka, ukikosa kukaza. Akamwona mtoto wa watu mikononi mwa bibi yake, kitovu shingoni, na mkunga anakimbia kwa miguu barabarani. Akakumbuka kile kiti cha nyuma na kiapo chake. Siku yenyewe imefika, na alitakiwa kuisema kwa mdomo wake.

Akasikia kandambili za mzee zikirudi.

Binti alichukua koleo, akakata kiungo kile pande zote mbili na kukitia mfukoni mwa ovaroli. Alipoinuka uso wake ulikuwa mkavu, mikono tu ndiyo iliyolowa.

"Umeipata?"

"Nimeipata, baba. Panya."

Mzee aliweka mkate juu ya boneti.

"Panya," alisema.

"Ndiyo. Ametafuna waya moja ya zamani chini ya zulia. Nimeshaikata, haina kazi tena."

"Hebu nione meno yake."

"Nimeitupa."

"Wewe?" Mzee alicheka. "Wewe ambaye hutupi kipande cha waya hata kiwe kifupi kuliko kidole? Una makopo manne ya vipande vya waya pale ndani. Lete."

Binti aliingiza mkono mfukoni. Hakujua nini kingine cha kufanya. Mzee alikipokea kiungo, akakileta karibu na macho, kisha akaacha kukitazama na kukipapasa kwa vidole tu, mbele na nyuma, mkono wake ukitetemeka juu ya uzi. Alipapasa kwa muda mrefu, na binti hakuweza kuvumilia tena.

"Nisamehe, baba," alisema, na machozi yalishamtangulia. "Ni mkono tu. Kichwa chako ni kizima, hata leo ni wewe uliyelitibu hili gari, si mimi. Nilishindwa kukwambia. Niliapa, najua niliapa. Nimeshindwa."

Mzee alikuwa bado anapapasa.

"Huyu panya," alisema polepole, "anatumia mkono wa kushoto."

Binti alimtazama bila kuelewa. Mzee aliingia ndani, akarudi na kipande cha waya alichokitoa kwenye moja ya makopo, kiungo chake cha zamani, cha miaka ambayo mkono ulikuwa umetulia kama jiwe. Akaviweka viwili vile sambamba juu ya boneti, kimoja kichafu na kimoja kisafi. Uzi wa mzee ulipanda ukielekea kulia. Ule uliotoka chini ya zulia ulipanda ukielekea kushoto. Miaka kumi na nne binti amekuwa akifunga uzi na hakuwahi kutazama unaelekea wapi.

"Gari hili lilikuwa jeupe," mzee alisema. "La yule mwalimu wa kwaya, alitaka spika kubwa nyuma ili aendeshe huku anafundisha sauti ya nne. Ukaniambia baba, hili niachie. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Spika zilishatolewa siku nyingi, waya ikabaki."

"Na hukukagua?"

"Nilikagua." Mzee alikwaruza shavu. "Nilivuta kidogo. Kikashika. Cha fundi mwingine ningekivuta kwa nguvu zote, lakini wewe ulikuwa umesimama pale unanitazama, unasubiri nicheke. Nikacheka."

Binti aliifuta pua kwa bega. Kuna jambo lilianza kumrudia, la miaka ile alipokuwa anajifunza, jinsi magari yalivyokuwa yakirudi wiki mbili tatu baada ya kutengenezwa, na jinsi baba alivyokuwa akiwaeleza wateja kwa uso wa huruma.

"Baba. Wale panya."

"Panya wepi?"

"Wale wa zamani. Kila gari likirudi ulikuwa unasema panya."

"Mji huu," mzee alisema, "haujawahi kuwa na panya wengi kiasi kile."

Wakacheka. Walicheka mpaka mzee akashika boneti asianguke, na binti akacheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa aibu na kwa kupendwa, hakujua kipi kilizidi. Mzee ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Lakini uliapa," alisema.

Binti akaacha kucheka.

"Ulidhani ni changu, ukakificha. Na si mara ya kwanza. Unadhani sivijui viungo vyangu? Narudi kutoka msalani nakuta uzi umegeuka kushoto. Nikasema labda ananionea haya, ipo siku atasema."

"Na wewe si ulificha vyangu?"

"Nilificha. Na mkunga kakimbia kwa miguu." Mzee alisema bila ukali. "Halafu wewe ulikuwa unaelekea kuijua kazi, mwanangu. Kosa lako la jana lilikuwa linakupeleka mbele. Mimi narudi nyuma. Ukinifichia, kila siku kosa langu litakuwa kubwa kuliko la jana, na nikikosa mtu wa kuniambia ukweli humu ndani, basi mimi na yule fundi wangu aliyeishiwa macho hatuna tofauti."

Kisha akavuta stuli, akakaa, akaomba vipande viwili vya waya na kibiringo cha uzi.

"Kaa hapo. Nitafunga kimoja. Nikimaliza utavuta. Usivute kama mwanangu, vuta kama unavyovuta kazi ya wale mafundi wa mtaa wa pili."

Alifunga. Ilichukua muda mrefu kuliko binti alivyowahi kumwona akichukua. Uzi ulimponyoka mara mbili, akaudaka, jasho likamtoka kwenye paji la uso ingawa walikuwa kivulini. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, midomo yake ikihesabu. Wa saba. Akafunga fundo, akalificha, akanyoosha mkono.

Kwa macho kilikuwa kizuri. Binti alikishika pande mbili na mara moja akajua kwamba akivuta kidogo kitashika. Baba yake alikuwa anamtazama. Alikuwa anasubiri, na uso wake ulikuwa na tumaini ambalo mtu mzima huwa hapendi lionekane. Binti akapiga moyo konde, akavuta kwa nguvu zote.

Waya ikachomoka kwenye uzi taratibu, bila kelele.

"Kimetoka, baba," alisema.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, mtu alikuwa anajaza upepo kwenye gurudumu. Mzee alisikiliza mpaka ile sauti ikaisha.

"Asante, mwanangu," alisema.

Akaivua ile kamba ya taa shingoni. Ilimkwama sikioni, binti akataka kumsaidia, mzee akamzuia kwa kiwiko, akaikwamua mwenyewe. Akamvika binti. Kamba ilikuwa na joto la shingo yake.

"Na mkunga tutamwambia nini?" binti aliuliza.

"Tutamwambia ni sisi. Atatukasirikia, ana haki. Haya, inuka, anakuja saa kumi na gari la watu limelowa."

Kilichobaki hakikuwa kingi. Waya ya mwalimu wa kwaya binti aliivuta yote ikatoka. Lakini nyuma ya fyuzi ya tisa, pale alipoipachika akiwa na miaka kumi na saba, waya ya gari yenyewe ilikuwa imechunwa na kulika, ikabidi ikatwe na kuungwa upya. Pembe ile ilikuwa na giza hata mchana. Binti alilala chali chini ya usukani, miguu nje, akakata uzi kwa meno, na kwa mara ya kwanza maishani akatazama mkono wake wa kushoto unavyouzungusha.

"Nikumulikie?" mzee aliuliza, na bila kusubiri jibu akapiga magoti mlangoni na kuwasha tochi. Zamani, binti akiwa mdogo, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yeye.

Mwanga ulifika, ukacheza juu ya waya, ukaenda kulia, ukarudi kushoto, haukutulia mahali pamoja hata kidogo.

"Unakutosha?"

Binti alianza kusema unatosha, unatosha kabisa. Akajizuia.

"Unatikisika, baba," alisema. "Lakini naona."

Mzee akaishika tochi kwa mikono miwili.